Hoteli inataka kuacha leseni na kuhamia programu huria: nianzie wapi, na mimi mwenyewe nitapata nini?

MwanaBarani, Malindi

Salaam aleikum wadau.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Cheo kamili sikijui, hata barua yangu ya ajira haikisemi. Asubuhi nafungua printa ya mapokezi iliyotafuna karatasi, mchana naitwa na mgeni wa Kiitaliano ambaye Wi-Fi imemgomea, jioni DJ hana waya. Nina diploma ya IT niliyoisomea Mombasa.

Hali yenyewe ni hii. Tuna seva moja ndani ya chumba kidogo nyuma ya jikoni. Inaendesha Windows Server 2012, ambayo Microsoft waliacha kuitolea viraka vya kawaida vya usalama Oktoba 2023. Ndani yake mna programu ya hoteli (vyumba, bukingi, bili za baa) tunayoilipia kila mwaka kwa yuro, pamoja na folda zote za ofisi. Kompyuta za mapokezi na za uhasibu zinatumia Windows 10, nayo msaada wake ulifungwa tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ni kuukuu kiasi kwamba Windows 11 haizikubali.

Kampuni iliyotuuzia programu imeleta bei: seva mpya, leseni ya seva, leseni nyingine kwa kila mtumiaji anayeifikia hiyo seva, toleo jipya la programu yao, na mkataba wa msaada. Meneja alipoisoma alivua miwani, akaniambia: "Nasikia kuna Linux, haiuzwi. Tuwekee hiyo."

Sawa, tumwekee. Lakini Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, mimi niliigusa chuoni tu, Ubuntu (toleo lake mojawapo) kwenye laptop ya rafiki, zaidi ya hapo ni video za YouTube. Kwa hiyo nina maswali mawili, na yameshikana. Kuna biashara ya kiasi chetu huku pwani inayoendeshwa kwa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote ausome, autumie na aubadilishe) kweli kweli, au hizo ni hadithi za Nairobi? Na mimi je? Matangazo ya kazi ninayoyaona yote yanataka Linux, Docker, Kubernetes, Ansible, vitu ambavyo hapa sina pa kuvifanyia mazoezi. Nikitoa mwaka mzima kujifunza, mwisho wake kuna mshahara, au nitakuwa fundi asiyelipwa wa vitu visivyolipiwa?

Hoteli hufunga baada ya Pasaka, masika yote hatuna wageni, kwa hiyo nafasi ya kufanya kazi ipo. Nisaidieni kabla sijamjibu mzee.

KaratasiZaWatamu, Watamu

Ndugu yangu, mimi ni mhasibu, kompyuta naijulia upande wa kuilaumu. Lakini nina mawili.

La kwanza, kabla hujagusa kitu muulize meneja wako: ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), zitatoka wapi? Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikatwi kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Maana yake mashirika yanayokuja kufanya semina kwenu hayatakulipeni bila ankara hiyo. Programu yenu ya sasa, pamoja na ubaya wake wote, nadhani imeshaunganishwa na KRA. Hiyo mpya itaunganishwa na nani?

Sisi kuna mtu alituletea Odoo, programu ya kuendeshea biashara, akisema ni huria, kila kitu kimo. Tukakuta toleo la jumuiya, lile lisilolipiwa, lina ankara tu, uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Odoo wenyewe hawakumdanganya mtu, wameandika wazi. Aliyetuletea ndiye hakusoma. Rahisi ghali.

La pili. Jumamosi ya Desemba, saa mbili usiku, hoteli imejaa, mfumo umelala. Nani anapigiwa simu? Kama jibu ni wewe, basi na iandikwe hivyo kwenye hiyo barua yako isiyo na cheo.

Bi Seva, Langoni, Lamu

Mwanangu MwanaBarani, huyo mhasibu amekuuliza swali la nani anapigiwa simu, lililo bora kuliko yako mawili, kwa hiyo naanza nalo.

Hapa Amu (Lamu mjini) nahudumia nyumba za wageni, kampuni moja ya boti na ofisi mbili tatu za mashirika. Seva zao zote ni Debian, toleo mojawapo la Linux. Leseni wanayolipa ni sifuri. Lakini hawalipi sifuri! Wananilipa mimi kila mwezi, wananunua diski, wananunua betri za UPS ambazo umeme wetu unazimaliza kabla ya wakati, na wanalipia nafasi ya kuweka bakapu (nakala za akiba) nje ya kisiwa. Ukijumlisha, mwaka wa kwanza haupishani sana na bei ya leseni. Tofauti huanza kuonekana mwaka wa pili na wa tatu, na huonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Ile pesa ya leseni haikupotea, imehama. Ilikuwa ikienda Ulaya, sasa inakaa kwa mtu anayejua seva ilipo. Meneja wako anadhani anafuta gharama, kumbe anaihamishia kwako, na hajakwambia kwa sababu hajajua.

Nimesema siku mambo yanapoharibika. Kuna nyumba hapa, kabla sijaichukua, ilikuwa na mfumo wa kulipia. Ukalala wiki ya Maulidi, kisiwa kimejaa hadi barazani. Fundi wao alikuwa Nairobi: apande basi mpaka Mokowe, avuke kwa boti, alale, na yote hayo yaingie kwenye ankara. Fundi wa hapa asingeweza hata kujaribu, maana hifadhidata ilikuwa na nywila ambayo mwenye nyumba mwenyewe hakupewa. Majina ya wageni wake, amana zao, madeni yake, vyote vimo ndani na ufunguo uko kwa mtu mwingine. Alipotaka kuhama akaambiwa kutoa data kuna malipo yake. Hapo ndipo programu huria iliponishika mimi. Bei nilikuja kuifikiria baadaye.

Kuhusu hadithi za Nairobi: zipi? Zahanati ya serikali iliyo jirani yako ikipeleka takwimu za mwezi, zinaingia DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. KenyaEMR, inayoshika faili za wagonjwa kwenye vituo vingi vya afya, imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo ilianza 2004 na moja ya mizizi yake iko Eldoret. Ushahidi, programu huria ya kukusanya ripoti za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa hapa hapa Kenya, Januari 2008, nchi ikiwaka. Simu yako ya Android kiini chake ni Linux, kitu kilichotangazwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Na tangu Novemba 2017 kila moja ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani inaendeshwa na Linux. Hoteli yako ndiyo iliyochelewa.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na mapokezi! Mapokezi ndiko kunakoonekana. Kukizima dakika kumi mbele ya wageni, meneja atarudi kwenye leseni na jina la Linux halitatajwa tena hoteli hiyo. Anza nyuma, pasipoonekana. Chukua kompyuta mojawapo iliyokataliwa na Windows 11, itie RAM na diski mpya, weka Debian, juu yake Samba. Kompyuta za Windows zitaiona kama folda ya mtandao ile ile waliyoizoea, wala hakuna leseni ya kila mtumiaji. Hamishia humo folda za ofisi. Kisha bakapu ya kila usiku, kwa restic au BorgBackup, nakala moja hapo hapo na nyingine nje ya jengo, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Hayo mawili yakikaa miezi bila kelele, ndipo utafute mashine ya maana uweke Proxmox. Ni programu huria ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, inatoka Vienna, imejengwa juu ya Debian. Seva yenu ya zamani inaingia humo nzima nzima kama mashine pepe, programu ya hoteli inaendelea kama haijui imehamishwa, nawe unaikatia intaneti. Ila soma leseni yenu kwanza: Windows iliyokuja pamoja na mashine kwa kawaida hairuhusiwi kuhamia mashine nyingine, na hilo meneja alijue mapema, asije akalijua kwa wakili. Programu ya hoteli yenyewe iwe ya mwisho kabisa. Kuna QloApps, ya huria, ijaribu kwa bukingi za uongo, lakini usiihamie mpaka mhasibu wenu aseme ankara zimemridhisha.

Na hicho chumba nyuma ya jikoni, mwanangu, hama humo kabla hujafikiria Linux. Mvuke wa mafuta unapanda, upepo wa bahari unaleta chumvi, vinakutana ndani ya feni. Nimewahi kufungua mashine ya namna hiyo msimu wa kusi. Feni imevaa utandu wa kijivu unaonata vidoleni, meno ya RAM yameota ukungu wa kijani, na mjusi ametaga kwenye kona ya kasha, mayai mawili meupe juu ya waya za umeme. Wenyewe walikuwa wakilaumu virusi. Nilisugua meno ya RAM kwa raba ya penseli, nikafuta kwa spiriti, nikalipandisha kasha kwenye rafu mbali na dirisha, ikaamka. Hapo hata leseni ya milioni isingesaidia.

Kuna jambo mashabiki wa programu huria hawapendi kumwambia mgeni: nazo hubadilisha mmiliki au masharti. Red Hat, kampuni kubwa ya Linux, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 wakatangaza kwamba CentOS 8, Linux yao isiyolipiwa ambayo watu waliipangia kuishi hadi 2029, itakwisha mwisho wa 2021. Wenye seva mamia walihangaika mno, na Rocky Linux na AlmaLinux zikazaliwa kutokana na hasira hiyo. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp wakabadilisha leseni ya Terraform, zana ya kujenga seva kutoka kwenye faili. Jumuiya ikachukua msimbo wa zamani ikaanzisha OpenTofu. Machi 2024 ikawa zamu ya Redis, programu ya hifadhidata, ikazaliwa Valkey, na mwaka uliofuata Redis wakarudi kwenye leseni huria wenyewe. Linganisha na VMware, programu ya mashine pepe ambayo haikuwa huria: Broadcom waliinunua Novemba 2023, leseni za kununua mara moja zikafutwa, kila kitu kikawa cha kulipia kwa kipindi. Ndiyo sababu Proxmox unaisikia kila pahali siku hizi. Watu wa Terraform waliondoka na msimbo wao mkononi. Watu wa VMware walichagua kati ya kulipa na kuhama.

Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote, uliza mmiliki wake ni nani. Debian na PostgreSQL (programu huria ya hifadhidata) hazina kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi ikageuza masharti. Mimi sitoki hapo, hata vijana wakinicheka.

Wala usidhani kilicho wazi ni salama kwa kuwa kiko wazi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia seva ukiwa mbali, kumechelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, kifaa kidogo cha kubana faili ambacho kwa miaka kilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Aliyepandikiza alikuwa amejipenyeza kwenye mradi taratibu kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia, akisifiwa. Nusu sekunde! Mimi ningesema ni mtandao wa Amu, nikaenda kunywa kahawa. Ulipona ulimwengu kwa sababu msimbo uliweza kusomwa na mtu mwenye udadisi, na huyo mtu alikuwepo. Sasisho za usalama weka kila wiki, usingoje.

Kubernetes, zana ya kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, achana nayo. Hoteli moja, seva moja: ni kuleta meli ya kontena ya bandari mpya ya Lamu kuvusha mikungu ya ndizi kutoka Mokowe.

HamaliWaMtandao, Shela

Shikamoo Bi Seva. Wewe ndiye uliyenipa kompyuta ya kwanza kuivunja na kuijenga, lakini kwenye ndizi sikuungi mkono.

MwanaBarani ameuliza mambo mawili. Hoteli haihitaji Kubernetes, kweli. Yeye je? Mimi nakaa Shela, naifanyia kazi kampuni ya Ulaya, na seva ninazozitunza sijawahi kuzitia machoni. Kwetu hakuna anayeingia kwenye seva moja moja kurekebisha kwa mkono. Unaandika kwenye faili jinsi unavyotaka seva iwe, faili linakaa kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko, mwenzako analisoma na kulipinga, likikubaliwa Ansible au OpenTofu inatekeleza. Mashine ikifa inatupwa, nyingine inajengwa kutoka faili lile lile. Hiyo ndiyo kazi inayotafutwa kwenye matangazo uliyoyaona. Docker, Kubernetes, Prometheus ni majina ya zana zake.

Na hapa ndipo uhuria unapomfaa mtu wa kisiwani. Kubernetes ilitoka Google mwaka 2014, leo iko kwenye klaudi zote kubwa, na ile unayoipakua chumbani kwako ni ile ile. Nilijifunza kwenye kitanda cha mwakisu kitu kile kile wanachokitumia wao kwenye majengo yenye baridi. Programu yenu ya hoteli ya yuro ungeijifunzia wapi bila wao kukuuzia mafunzo? Na ukishaijua, nje ya hoteli mnazozihesabu kwa vidole, nani angekuajiri nayo?

Pa kufanyia mazoezi unapo. K3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa uzito, inakaa kwenye laptop mbili kuukuu zilizounganishwa kwa swichi. Lakini hata kabla ya hapo: ile seva ya Samba aliyokwambia Bi Seva, usiiweke kwa mkono, iandikie Ansible. Ikishafanya kazi, na kabla watu hawajaanza kuitumia, ifute yote uijenge tena kutoka kwenye faili. Hoteli imepata seva, nawe umepata kitu cha kumwonyesha mtu. Usikae mwaka ukibishana na nafsi yako kati ya Ubuntu na Debian. Mchagua jembe si mkulima.

Vyeti: Linux Foundation wana kozi ya utangulizi ya Linux isiyolipiwa, ianze leo. LPIC-1, cheti cha Linux, ni mitihani miwili na cheti kinaishi miaka 5. RHCSA (ya Red Hat) na CKA (ya Kubernetes) ni mitihani ya mikono, unawekwa mbele ya terminali unaambiwa tengeneza hiki, hakuna kuchagua A, B au C. Bei zake ni za dola, kwa hiyo usilipe kabla hujaiva.

Mimi kilichonipa kazi si cheti. Maelekezo ya mradi mmoja huria yalikuwa yamepitwa na wakati, yanamwambia mtu aandike amri iliyokwisha kufutwa. Nikaandika kosa liko wapi, nimelionaje, kwenye toleo gani, nikaambatanisha marekebisho. Watunzaji wa mradi wakanibishia, nikawajibu kwa ushahidi, wakakubali. Siku ya intavyuu, aliyenihoji alikuwa ameufungua mjadala ule kwenye skrini yake. Akaniuliza kwa nini sikukubali pendekezo lao la kwanza. Nusu ya muda wetu ilikwisha hapo.

Ubaya nao upo. Mkataba ni wa miezi, NSSF na SHA najilipia mwenyewe, zamu za usiku zipo, na intaneti ikikatika kwa mwajiri si kisingizio. Nina laini mbili za kampuni tofauti na betri ya kuzishika zote. Kukiwa na upepo mkali wa kusi huwa silali vizuri.

Mla_Halua, Mombasa

Mnajisumbua bure. Windows Server iliyovunjwa inapatikana kwa mia tano, inawekwa saa moja imekwisha. Nani atakuja Malindi kukagua?

Bi Seva, Langoni, Lamu

Mla_Halua, hoteli ina nakala za pasipoti za watu, pamoja na tarehe ambazo hawatakuwapo majumbani kwao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama mkaguzi amefika Malindi. Na huyo aliyeivunja Windows, alikufanyia hisani hiyo yote kwa mia tano bila kuweka chake ndani? Kula halua.

MwanaBarani, Malindi

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Leo nimemwona meneja. Nilimweleza lile la gharama kuhama badala ya kufutika. Akanyamaza, kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Nikikulipa wewe badala ya kampuni, nawe kesho ukapata kazi ya Ulaya, mimi nabaki na nani?"

Nimwambieje? Nikisema siondoki nitakuwa naongopa, hasa baada ya kusoma ya Hamali. Tena anasema kabla hajatoa shilingi anataka kuona bakapu "ikifanya kazi". Sijui anataka kuona nini, bakapu si ni faili tu limekaa mahali?

Bi Seva, Langoni, Lamu

Meneja huyo ana akili, usimchukulie hivi hivi.

Mwambie kampuni nayo yaweza kuondoka, kufungwa au kuuzwa, na ikiondoka haiachi kitu mnachoweza kukifungua. Wewe ukiondoka utaacha Debian, na Debian wanaijua vijana wengi tu wa Kilifi na Mombasa ambao hawajawahi kukuona. Lakini hilo ni kweli ukiwa umeandika. Faili za Ansible ni za mashine. Binadamu naye anataka daftari: seva iko wapi, anwani zake za mtandao, bakapu inakwenda wapi, umeme ukirudi unawasha nini kwanza. Kurasa chache, maneno ya kawaida. Nywila ziwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya hoteli, jina la meneja juu. Kisha mlipeni mtu wa pili siku chache kwa mwaka, aje alisome daftari hilo na kuiendesha seva bila kukuuliza neno, wewe ukiwa umekaa ufuoni. Akikwama ukurasa wa pili, rudi ukaandike upya.

Bakapu asione faili, aione ikirudi. Chukua laptop tupu, uiweke mezani kwake. Mwambie achague mwenyewe folda na tarehe, tuseme orodha ya mishahara ilivyokuwa katikati ya Desemba. Irudishe kutoka nakala iliyo nje ya jengo, si ile ya chumba cha pili, na yeye ashike saa. Ikishuka usimwonyeshe majina ya mafaili. Fungua faili lenyewe asome takwimu anazozijua. Ikichukua saa nzima, mwambie ni saa nzima, maana ndio muda atakaoungoja siku ya balaa.

Mkifika kwenye hifadhidata za PostgreSQL ni vivyo hivyo. pg_dump, amri ya kutoa nakala, kumaliza bila kulalamika hakujathibitisha kitu. Rudisha kwa pg_restore kwenye mashine nyingine, kisha hesabu safu za meza ya bukingi huku na huku zilingane, na uangalie bukingi ya mwisho ni ya jana kweli au ni ya mwezi uliopita. Hilo la tarehe wengi hulisahau: bakapu inapita kila usiku, kijani kitupu kwenye ripoti, kumbe inanakili folda ambayo programu iliihama zamani. Wateja wangu nawafanyia zoezi hili kila mwezi na kuwapelekea karatasi yenye dakika zilizotumika. Mmoja hutaka karatasi hiyo kabla ya kunilipa, nami sikasiriki.

Sasa mshahara wako. Andika barua kabla hujashika bisibisi. Sehemu ya kwanza iwe kazi: chumba kipya, Samba na bakapu wakati hoteli imefungwa, Proxmox baadaye, programu ya hoteli msimu mwingine. Sehemu ya pili iwe malipo yako, yakihesabiwa kutokana na ile bei ya kampuni ambayo tayari anayo mezani, na saa za kujifunza zikiwa ndani ya saa za kazi. Zote mbili kwenye karatasi moja yenye saini moja, asipate njia ya kukubali ya kwanza na kuiacha ya pili ikizunguka ofisini.

HamaliWaMtandao, Shela

Ongeza na cheo. "Msimamizi wa mifumo" inatosha. Anayesoma CV yako Ulaya hajui "mtu wa kompyuta" ni nani.

KaratasiZaWatamu, Watamu

Barua ipelekwe kabla bajeti ya msimu haijafungwa. Baada ya Pasaka hata pesa ya wino wa printa hutaipata.

Na ile ya eTIMS bado hamjanijibu.